Mfereji Mwekundu

Wete nilikuwa mwalimu, darasa la tatu, mikondo miwili,
watoto tisini na wanne, chaki moja naikata mara tatu.
Hapa Ibra ni msaidizi.
Kitambulisho kinaning'inia shingoni, picha yangu haicheki,
na watoto wamekiunga cheo na jina wakafanya neno moja:
Mismize. Mismize, kiatu. Mismize, kamasi.

Nachonga penseli. Nahesabu vichwa vikishuka basini,
ishirini na viwili, nahesabu tena vikipanda.
Mwalimu Bindu wa Kerala ndiye anayefundisha,
mwema, hapandishi sauti;
mimi nakaa nyuma kwenye kiti cha mtoto,
magoti yamenifika kidevuni,
na nikiona kosa ubaoni nanyamaza,
nalifuta jioni pamoja na mengine.

Sheria imebandikwa mlangoni:
Kiingereza, na Kiarabu saa ya Kiarabu.
Cha kwetu hakikutajwa, hata kwa kukatazwa.

Mundhir, miaka mitano, tangu Septemba hajasema.
Akipokonywa rangi, kimya. Akiitwa, hutazama viatu.
Maskati walimpima masikio: mazima.
Basi likafunguliwa faili,
na faili likishapewa jina la ugonjwa
mtoto naye huanza kulifuata.

Mei, saa tano na nusu.
Matangi ya juu ya paa yanatokota.
Nimewapeleka kunawa rangi, wawili wawili.
Mundhir akatia mikono, akaichopoa,
na akasema,
hakunong'ona, alisema, kwa hasira ya mtu mzima:
"Maji ya mfereji yababua, wallahi!"

Mfereji. Si bomba.
Nikashika ukingo wa sinki.
Neno la mama yangu na ndoo yake,
huku limetunzwa miaka sitini kama sahani za harusi,
halijawahi kutoka kabatini.

"Nani kakufunza?"
"Bibi."
Kumbe maneno alikuwa nayo siku zote,
ila alidhani ni nguo ya kulalia,
mtu hatoki nayo.

Nikamshika mkono. "Huu wa buluu unatoka juani.
Fungua mwekundu. Hita tumeizima tangu Aprili,
maji yake yamelala ndani, kivulini."
Akajaribu kwa kidole kimoja. Kisha vyote.
"Wamekosea rangi," akasema.
"Hawajakosea. Walipaka wakati wa baridi."
Akacheka mpaka Hilali naye akacheka, bila kujua kwa nini.

Nikaenda ofisini na aproni yangu yenye madoa.
Ustadha Ruqayya alikuwa juu ya faili.
Nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kukopa.
Akauliza: lugha gani?
Nikamwambia.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.
"Funga mlango, Mize."
Nilikwisha kuufunga, nimegeuka,
ndipo nikatambua alikuwa amesemaje.
Miaka minne, salamu zetu zote za Kiarabu.
"Mama yangu," akasema, "hajui kuita vingine."
Hatukuzidisha. Simu ililia.

Ripoti imeandikwa: mtoto ameanza kusema.
Sahihi ya Bindu, muhuri wa skuli.
Kisanduku cha msaidizi hakimo, nimeangalia pande mbili za karatasi.
Mkataba wangu unakwisha Juni; hakuna aliyenigusia.
Faili sijui lilikokwenda.
Bibi yake amenitumia kaimati ndani ya bakuli la plastiki,
na agizo: bakuli lirudi.

Leo kwenye foleni ya kunawa
Mundhir anamfundisha mgeni aliyehamia kutoka Sur,
kwa Kiarabu, kwa mikono, kwa lolote linalomjia:
si huo, huo unaunguza, huu.
Hasemi kwa ufasaha. Anarudia. Anasubiri mwenziwe ajaribu.
Nami nimesimama nyuma yao,
nimeshika taulo.